Misumari Mitatu ya Newala

Ukitoka Lindi kwenda Masasi, milima haikupi taarifa. Kwetu Tanga, Usambara unauona tangu mbali, samawati, ukikua pole pole kadiri unavyousogelea. Huku barabara inapita tambarare kati ya mikorosho na vichaka, halafu jabali moja linatokea peke yake, tupu, limechirizika weusi wa mvua za miaka na miaka. Mbele yake jingine. Mji wa Masasi umekaa katikati ya majabali hayo kama chungu juu ya mafiga, na jioni, jua linapoyapiga ubavuni, mawe yanageuka rangi ya makaa yanayoanza kushika moto.

Ilikuwa Oktoba. Msimu wa korosho ulikuwa umefunguka na harufu ya mabibo, tamu na kali kwa pamoja, ilituingilia madirishani mwa basi tangu Ndanda. Stendi ya Masasi mama mmoja alinisogezea sahani ya vitu vyembamba vya kahawia, vimechemshwa, vimenyunyiziwa chumvi na pilipili.

"Karibu ming'oko, kaka."

Nilimwambia kwetu hatuna. Alicheka, akanichagulia mmoja mnene na kunionyesha namna ya kuuchuna ganda kwa meno. Ladha yake ipo kati ya kiazi kikuu na muhogo, ila ndani ina uzi uzi ambao unautema. Nikamuuliza unalimwaje.

"Haulimwi. Ni wa porini. Unaona jani, unaufuata mzizi kwa kijiti, unafukua, unafukua. Ukiuvuta tu, umekatika. Unarudi nyumbani na kipande."

Nililipa, nikasahau maneno yake kwa siku tatu.

Nilikwenda kusini kwa sababu ya risasi, na kisa cha risasi hizo kinaanzia nyumbani. Kaskazini ya mji wa Tanga kuna ghuba ya Manza, pazuri pa kuvulia samaki, penye mikoko hadi majini. Aprili 1915 meli ya Kijerumani, Rubens, iliyosafiri kutoka Ulaya ikijifanya meli ya Denmark, ilikimbilia humo ikifukuzwa na manowari ya Uingereza. Ilipigwa ikazama, lakini maji hayakuwa marefu, na shehena yake ikaopolewa: bunduki, na risasi kwa mamilioni. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa kama tunavyoanika dagaa, kisha zikafungwa tena. Miezi kadhaa kabla, Novemba 1914, Waingereza na jeshi lao kutoka India walikuwa wameshindwa vitani Tanga penyewe, wakaacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi zipatazo laki sita. Hizo nazo ziliokotwa.

Kwetu hadithi inaishia hapo: meli ilizama, Waingereza walikimbia. Nilipokua ndipo nikajiuliza ule mzigo ulikwenda wapi. Ulikwenda kusini, vichwani mwa watu. Vita vilisukumwa kutoka Kilimanjaro hadi reli ya kati, kutoka reli hadi Rufiji, kutoka Rufiji hadi huku, na kwa miezi ya mwisho ya mwaka 1917 vilikaa juu ya uwanda wa Makonde. Mimi niliufuata kwa basi. Nilivuka Rufiji juu ya daraja lenye jina la Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso hapa hapa Masasi, nikapita Nyangao na Mahiwa huku abiria wenzangu wamelala. Mahiwa, kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, palipiganwa pengine mapigano makali kuliko yote ya vita ile katika Afrika Mashariki. Nilichokiona dirishani ni mihogo, mikorosho, na mtoto anayeendesha ringi ya baiskeli kwa kijiti.

Asubuhi yangu ya kwanza Masasi nilipanda jabali la Mtandi. Chini ya jabali kuna kanisa kuu la Kianglikana, na historia ya mahali pale imejaa kuanza upya. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kujenga kanisa la Mkunazini, Unguja, alileta hapa watumwa walioachwa huru, wakajenga kijiji. Mwaka 1882 Wangoni walikivamia. Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, misheni ilichomwa. Watu walirudi kila mara, wakasimamisha nguzo palepale. Kijana aliyekuwa akifagia uwanja alinieleza kwa fahari kwamba kanisa lao lina jando lake, na ni kweli: Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi tangu 1926, hakulipiga jando marufuku kama wamisionari wengi walivyofanya kwingine. Aliliacha, akaketi na wazee, wakapanga upya lipi litangulie na lipi lifuate. Kwa hiyo mtoto wa Masasi aliweza kutoka porini akiwa mtu mzima wa kabila lake na Mkristo, bila kuchagua kimoja na kukitupa kingine.

Kutoka Masasi hadi Newala gari linapanda. Udongo unageuka mwekundu, hewa inapoa, na ghafla unatambua umefika juu ya meza kubwa ya mchanga iliyofunikwa mikorosho. Wamakonde walichagua huku juu kwa sababu ya vichaka vyake vizito. Mkamata watumwa alipotea humo, na mvamizi alichoka kabla hajafika. Lakini usalama ule ulilipiwa kwa maji. Mvua inazama mchangani, mto hakuna.

Newala nilipokewa na mwalimu rafiki yangu. Jioni alinipeleka ukingoni, mahali panapoitwa Shimo la Mungu. Ardhi inakatika pale kana kwamba mtu amemega mkate. Chini, mbali sana, bonde la Ruvuma limelala katika ukungu wa rangi ya maziwa, na nyuma yake Msumbiji. Bibi wa mwalimu alikuja nasi, mdogo wa umbo, mwenye chale usoni za mtindo ambao hawachanjwi tena wasichana wa leo. Hakutazama Msumbiji. Alitazama mteremko.

"Huku ndiko tulikoteka maji," aliniambia. "Tunaamka usiku wa manane, jogoo wa kwanza hajawika. Kushuka kunachekesha, tunaimba. Kupanda na mtungi kichwani, hapo kila mtu anamjua Mungu wake. Ukiteleza, umemwaga siku nzima."

Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka 1906 na mashine ya kunasa sauti na nyingine ya kunasa picha zinazotembea, aliishangaa shida hiyo hiyo ya maji. Iliendelea hadi miaka ya hamsini, mradi wa kusukuma maji kutoka bonde la Kitangari ulipoanza kupandisha mabomba huku juu. Bibi ameyaona yote mawili. Nyumbani ana bomba, lakini bado hatupi maji aliyooshea mchele. Anayapeleka kwenye mche wa mpapai.

Usiku tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu kilichoungwa kwa karanga, na sahani ndogo ya samaki nchanga. Jina hilo lina ujanja, kwani ni panya wa shambani, aliyekaushwa kwa moshi. Mimi niliyelelewa kwa wali wa nazi na changu nilikata kipande kwa adabu, kisha nikakata cha pili kwa njaa. Nyama yake inakaribia ya ndege. Bibi aliniangalia nikitafuna, akaridhika, na ndipo akauliza nimefuata nini kwao. Nilipomtajia vita na bunduki za zamani alimgeukia mjukuu wake.

"Mpeleke kwa mjomba wako. Yule ndiye aliyelala na bunduki."

Kwa Wamakonde, ambao ukoo wao unafuata upande wa mama, ukipelekwa kwa mjomba umepelekwa mahakamani. Nilivaa shati safi.

Tulimkuta mbele ya ghala lake la korosho, miwani imefungwa kwa uzi, nyundo mkononi, misumari mitatu ya inchi nne imebanwa midomoni. Komeo la mlango lilikuwa linakataa kuingia. Tulimwamkia shikamoo. Alitoa misumari kinywani ili aitikie marahaba sawasawa, akatuletea viti vya kamba.

Alikuwa askari wa wanyamapori kwa zaidi ya miaka 25, akilinda mashamba ya bonde la Ruvuma dhidi ya tembo, nguruwe na simba. Silaha aliyopewa alipoanza kazi ilikuwa .303 ya Waingereza, ile ambayo wanamgambo wengi wanaijua kwa jina la Mark IV. Chumani ilikuwa na muhuri wa mwaka 1943.

"Ilinitangulia kuzaliwa," alisema. "Ilipigana vita vya Hitler, ikachoka, wakatuletea sisi."

Usiku mmoja wa mwaka wa kwanza kazini tembo waliingia kwenye mahindi ya kijiji kimoja bondeni. Kazi yake ilikuwa kupiga juu ili wakimbie. Alipiga ya kwanza. Akavuta komeo la bunduki, ganda likaruka. Akasukuma komeo mbele ili lichukue risasi ya pili, likagoma katikati. Akalipiga kwa kiganja. Likazidi kushika. Watoto wanalia ndani, tembo wanavunja mahindi, na yeye anapigana na chuma.

"Mwenzangu alikuwa Mmakua mtu mzima, mwindaji tangu enzi za gobore. Akanishika mkono. Akasema: mwanangu, usiipige. Hii haina kiburi, ina sababu. Tupige ngoma kwanza tembo waondoke, kesho tutaisikiliza."

Walipiga madebe na masufuria hadi tembo wakaondoka. Asubuhi Mmakua akamfundisha namna ya kusikiliza bunduki inayokataa kumeza, na mjomba alinifundisha mimi kwa mpangilio ule ule, bila haraka, kana kwamba silaha iko magotini pake.

Kwanza mtutu uelekee pasipo na mtu. Toa magazini. Fungua komeo, tazama chemba kwa jicho, kisha ihakikishe kwa kidole, maana jicho la mtu mwenye hofu huona linachotaka. Hapo tu ndipo uanze kuuliza. Magazini ina springi, na juu ya springi kuna kisahani kinachobeba risasi. Kibonyeze kwa dole gumba, ukiachie. Kinapanda sawasawa au kinainama upande? Kikipanda kwa kusitasita, ndani kuna uchafu au kutu, kwa hiyo ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe, na uipake mafuta kidogo sana. "Mafuta mengi ni mtego. Mchanga wetu huu mwekundu unayapenda."

Kisha jaza risasi moja, uone kama inaingia. Halafu mbili. Halafu tano. Inayokwama ni ya ngapi? Zikikwama za mwisho, magazini inapokaribia kuwa tupu, springi imechoka, haina tena nguvu ya kuzipandisha. Ncha ya risasi ikigonga chini badala ya kuingia chemba, risasi haikupanda vya kutosha. Ikichupa juu, midomo ya magazini, zile kingo mbili zinazoizuia isitoke mapema, imefunguka. Na usiazime magazini ya mwenzako ukadhani ni ile ile. Kila moja ililinganishwa na bunduki yake kiwandani, na miaka 40 ya kuangushwa huizidishia kila moja tabia yake.

"Kisha tazama risasi zenyewe. Zetu zilikuwa za zamani kama bunduki. Yenye ukijani wa kutu ya shaba, au iliyovimba, weka kando. Usijaribu bahati." Akainua kidole. "Na mwisho ujitazame wewe. Mtu mwenye woga huvuta komeo nusu. Komeo halirudi nyuma vya kutosha kuishika risasi inayofuata, linapita juu yake, halafu mtu anailaumu bunduki."

Nikamuuliza ule usiku wa tembo kosa lilikuwa lipi kati ya hayo.

"Halikuwemo hata moja."

Akachukua misumari yake mitatu, akailaza kiganjani mmoja juu ya mwingine, vichwa vyote upande wake, ncha upande wangu. Risasi ya .303, alieleza, ina ukingo uliotokeza kitakoni, kama kichwa cha msumari. Komeo huisukuma ya juu kwenda mbele. Ukijaza kwa uangalifu, ukingo wa kila risasi unakaa mbele kidogo ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Akausukuma msumari wa juu kwa kidole, ukateleza ukaangukia mchangani. Akauokota, akaupanga tena, safari hii kichwa chake kikiwa nyuma ya kichwa cha wa pili. Akasukuma. Vichwa vikashikana. Akasukuma kwa nguvu zaidi, misumari yote mitatu ikajikaza pamoja kiganjani mwake.

"Umeona? Kadiri unavyosukuma ndivyo unavyoifunga. Niliijaza jioni, gizani, kwa haraka. Kosa nililifanya saa kumi na mbili, bunduki ikanisomea saa saba za usiku."

"Dawa yake?"

"Kuzitoa zote na kuzipanga upya. Hakuna nyingine."

Nilimweleza nilichokuwa nakijua mimi kwa kusoma. Bunduki ya Mauser ya Wajerumani, ya mwaka 1898, risasi yake haina ukingo uliotokeza, ina mfuo tu kitakoni, kwa hiyo haziwezi kushikana namna ile, na ndoana ya komeo huidaka kila moja tangu inapotoka kwenye magazini. Lakini askari wengi weusi wa jeshi la Wajerumani hawakupewa hiyo vita vilipoanza. Walipewa ya mwaka 1871, iliyokwisha kustaafishwa Ujerumani, ya kuweka risasi moja moja kwa mkono. Ile haikuwa na magazini ya kukwama. Ubaya wake ulikuwa baruti nyeusi: kila mlio ulitoa wingu la moshi, na adui akajua pa kulenga.

Mjomba alinyamaza, akatikisa kichwa. "Kumbe nao waliletewa zilizochoka."

Nikamsimulia mengine, naye akasikiliza kama mtu anayesikia habari za jirani. Machi 1916 meli ya pili ya Wajerumani, Marie, iliingia ghuba ya Sudi, kaskazini-mashariki ya hapa tulipoketi, ikashusha mizinga, bunduki na risasi, na wapagazi wakavisambaza barani. Mwishoni mwa mwaka ule Wareno, waliokuwa wamevuka Ruvuma na kuishika Newala yenyewe, walizingirwa humu humu mjini, wakatoroka Novemba wakiacha silaha. Baada ya Mahiwa, risasi za Kijerumani zilikaribia kwisha. Hapo jeshi lile lililokimbilia uwanda wa Makonde lilikuwa na bunduki za kila namna: za Kijerumani za milimita 7.92, za Kiingereza za .303, za Kireno za milimita 6.5, na zile kongwe za milimita 11. Risasi ya moja haikuingia katika nyingine.

Tarehe 21 Novemba 1917 chombo cha angani, zepelini L59, kiliondoka Bulgaria kikiwa na risasi, silaha na dawa, kikielekezwa kutua hapa, juu ya uwanda huu wa Makonde, kisirudi tena. Kilifika hadi anga ya Sudan, kikaitwa kirudi. Siku chache baadaye, tarehe 25, kamanda Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake walivuka Ruvuma, wakaiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, wakazitupa nyingi za zile bunduki kongwe na kuchukua za Wareno. Mwaka mmoja kamili baada ya siku hiyo, tarehe 25 Novemba 1918, walipokabidhi silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia, walizokabidhi zilikuwa kwa wingi za Waingereza na Wareno.

"Na chakula?" aliuliza mjomba.

Sikuelewa.

"Umesema bunduki zililishwaje risasi. Watu walilishwa na nani?"

Alijua jibu, maana ndilo jambo pekee la vita ile alilosimuliwa na mama yake mzaa mama. Majeshi yalipopita yalichukua mtama ghalani na wanaume shambani. Wanaume wale walibeba. Waingereza nao walikuwa na wabebaji wao kwa maelfu na maelfu, na kumbukumbu yao kubwa mjini Dar es Salaam ni jina la soko, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Nilipokuwa nikipanga safari yangu niliwaza shehena ilifikaje kutoka Manza hadi Makonde, nikahesabu masanduku. Swali la mjomba lilinionyesha kwamba nilikuwa nimepanga kinyume. Nilitanguliza chuma, mtu akawa nyuma yake, na ndiyo maana hadithi ilikuwa inanikwamia kila nilipojaribu kuisukuma mbele.

Bibi, aliyekuwa amekuja nyuma yetu kimya na kukaa juu ya mkeka, aliongeza yake. Alikumbuka vita vya pili, vya Mreno, kati ya 1964 na 1974, Frelimo walipokuwa wakipigania nchi yao ng'ambo ya mto. Watu walipanda huku juu na watoto mgongoni, wengi Wamakonde wenzao, lugha moja, chale zile zile. "Hatukuuliza kitambulisho. Tuliuliza mmekula?" Wengine walirudi Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, wengine wakaoa wakabaki. Sasa kuna Daraja la Umoja kule Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, na mtu anavuka Ruvuma kwa gari kwenda kuzika upande wa pili na kurudi.

Nilimuuliza mjomba iko wapi .303 yake. Alisema aliirudisha siku ya kustaafu, ikiwa safi, magazini tupu, akasaini daftari. Hakuitamani hata siku moja. Mbele ya ofisi ya kata niliona baadaye tangazo lililopauka la kuwataka watu wasalimishe silaha wanazozimiliki kinyume cha sheria. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka kwa ajili hiyo, na hapa kwetu Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha kwa wanaozirudisha kwa hiari. Naamini kila gobore linaloshushwa darini na kupelekwa kituoni linaupunguzia ukoo mzigo mmoja. Lakini nilitembea na wazo jingine pia. Bunduki zile zitayeyushwa, na inafaa ziyeyushwe. Ule utaratibu wa Mmakua, wa kumshika kijana mkono asikipige kinachokwama, hauna pa kusalimishwa. Ukiondoka na wazee hawa, umekwenda.

Ndipo nilipomkumbuka yule mama wa ming'oko kule stendi. Ukiuvuta tu, umekatika. Alikuwa amenipa somo la siku tatu mbele, kwa bei ya sahani moja, nami nikalitema pamoja na nyuzi.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Mjomba alisimama, akaurudia mlango wake. Kesho yake magunia ya korosho yalikuwa yapelekwe kwenye chama cha msingi kusubiri mnada, na hakutaka ghala lilale wazi. Mwalimu, kijana mwenye nguvu, alilishika komeo akaanza kulisukuma kwa bega.

"Acha," alisema mjomba.

Alilirudisha komeo nyuma kabisa. Akaufungua mlango, akaufunga pole pole, akiutazama ukingo wake wa chini. Ulikuwa unakwaruza mchanga. Akapapasa bawaba ya juu: skrubu zilikuwa zimelegea, mlango umeshuka kwa upana wa kidole, na komeo lilikuwa likigonga mbao badala ya tundu lake. Akamwambia mwalimu auinue mlango kwa kipande cha gogo na aushikilie. Akaiweka bawaba mahali pake pa zamani, akaichukua ile misumari mitatu mmoja mmoja, akaipigilia, hadi vichwa vikazama.

Gogo likaondolewa. Mjomba alinionyesha komeo kwa kidevu, nilisukume mimi mgeni. Nililigusa kwa vidole viwili, likaingia.